Barua ya wazi kwa waajiri: wajibuni waombaji wenu

Kwenu maofisa rasilimali watu, mameneja utumishi, wakurugenzi wa kampuni na mashirika, na nyote mnaokaa kwenye paneli za usaili hapa Tanzania,

Salaam.

Naandika kutoka Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu, ambako nina duka la steshenari. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti na kuwasaidia watu kutuma maombi ya kazi mtandaoni. Mji wetu una wahitimu wengi. Chuo kikuu cha kilimo, SUA, kiko hapa hapa, Chuo Kikuu Mzumbe kiko jirani, na kila mwaka wanaongezeka wapya. Ninyi ombi la kazi mnaliona likishafika mezani, limepangwa vizuri kwenye faili moja la PDF. Mimi naliona likiwa bado kwenye bahasha ya kaki, na mwenye nalo namwona ana kwa ana. Baada ya hapo naendelea kumwona, akipita kuuliza kama kuna barua pepe yoyote imeingia.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja: wajibuni hawa watu. Na wakati mnawachuja, msiwabebeshe gharama za kazi ambayo ni yenu.

Nianze na gharama, maana hizo nazijua kwa undani. Tangazo likitoka, mwombaji anakuja na cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo pamoja na transkripti, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo mbili na barua za wadhamini watatu. Ikitokea jina la kwenye cheti cha kidato cha nne limepishana herufi moja na la kwenye kitambulisho, anakwenda kwanza kwa wakili kula kiapo. Tangazo likisema kopi ziwe zimethibitishwa, kila karatasi inapigwa muhuri, na kila muhuri una bei yake. Zipo ofisi ambazo mpaka leo zinataka bahasha iletwe kwa mkono Dar es Salaam. Yote haya anayafanya mtu asiye na mshahara. Fedha inatoka kwa dada, kwa mjomba, au kwa mama aliyeuza kuku. Kisha kati ya mamia walioomba mnawaita kumi, na wale wengine wote wamelipia mihuri ambayo hakuna jicho lililoitazama.

Mnahitaji kopi iliyothibitishwa kwa mtu ambaye bado hamjajua hata kama mtamwita? Wasifu na barua ya maombi vinatosha kuchuja. Vyeti halisi mtaviona siku ya usaili, na muhuri wa wakili mtaudai kwa yule mnayetaka kumpa mkataba. Wenzetu wa Kenya wameliwekea jambo hili sheria. Marekebisho ya Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kumdai mwombaji hati za uthibitisho, zile ambazo vijana walikuwa wakizifuatilia kwenye ofisi ya kodi, bodi ya mikopo, upelelezi na tume ya kupambana na rushwa, isipokuwa pale anapokusudia kweli kuingia naye mkataba. Sisi hatuna haja ya kusubiri Bunge ili kufanya hivyo. Ni suala la kubadilisha mistari miwili kwenye tangazo.

Gharama nyingine ni safari. Kuna binti wa Kilosa ambaye maombi yake niliyachapa mimi. Alipigiwa simu alasiri, akaambiwa kesho yake saa mbili asubuhi awe Dar es Salaam kwa usaili, kwenye kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa. Alipanda basi jioni ile ile na kulala kwa ndugu Mbagala. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa mapokezi. Akaambiwa asubiri. Saa nne akaambiwa kikao kimechelewa. Saa tisa mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba mhusika amesafiri na usaili umeahirishwa, watampigia. Hakuna ofisa aliyetoka kumwambia hata pole. Hakupigiwa tena. Nauli ya kwenda alikopa, ya kurudi akakopa tena, na hakukuwa na mtu wa kumdai maelezo, kwa sababu namba iliyompigia ilikuwa haipokelewi.

Sisemi kampuni ile ilifanya vile kwa makusudi. Mtu anaweza kupata dharura na kusafiri. Lakini orodha ya walioitwa ilikuwepo, namba za simu zilikuwepo, na aliyewapigia kuwaita angeweza kuwapigia kuwazuia. Mteja mwenye fedha yake asingeachwa kwenye kiti kile kutwa nzima.

Katika hili la safari, serikali imepiga hatua ambayo sekta binafsi ingeitazama. Wengi mnakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipofurika Uwanja wa Taifa kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Miezi michache kabla ya hapo, Machi mwaka huo huo, Nigeria ilifanya jambo la aina hiyo hiyo kwa idara yao ya uhamiaji. Vijana walitozwa naira 1,000 kila mmoja kwa ajili ya kuomba, wakakusanywa viwanjani kwa malaki, na watu wasiopungua 15 wakafa kwa kukanyagana. Walikufa wakitafuta kazi. Leo hapa kwetu mambo si yale. Usaili wa walimu mwanzoni mwa 2025 ulifanyika mikoani. Mamlaka ya Mapato, TRA, nao, mwezi Machi mwaka huo, waliwafanyisha waombaji mtihani wa kuandika katika vituo vya mikoa kadhaa badala ya kuwaita wote Dar es Salaam. Tangazo la serikali bado litakuambia ujigharamie chakula, usafiri na malazi, lakini angalau safari imefupishwa. Kampuni binafsi yenye kompyuta na intaneti inashindwaje kumsaili mtu wa Kigoma kwa simu ya video katika mzunguko wa kwanza, ikamwita kwa miguu yake pale tu wanapobaki wawili au watatu?

Sasa nije kwenye kimya, maana hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Chini ya matangazo mengi kuna sentensi ile ile: watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Haisemi lini. Haimwambii mtu asubiri wiki ngapi ndipo aelewe kwamba yake imekwisha. Aliyetuma maombi tu na asiitwe, pengine atavumilia na kuendelea na mengine. Lakini yupo aliyeitwa, akasailiwa, akaitwa mara ya pili, akaulizwa anaweza kuanza kazi lini, akaambiwa "tutakupigia", kisha ikawa kimya moja kwa moja. Huyo mmemfunga.

Nimemwona kijana akiwaachia wenzake shamba la mpunga waliokodi pamoja huko Kilombero, kwa sababu aliogopa simu yenu ingemkuta mahali pasipo na mtandao. Msimu ukapita, simu haikuja. Mwingine alikataa kazi ya tuisheni mtaani kwa sababu mlimwambia ajiandae kuanza mwezi unaofuata. Wapo ambao hawathubutu kuzima simu hata usiku, na namba wasiyoijua ikiita mioyo inawaenda mbio. Nyumbani wazazi wanauliza kila siku, vipi wale wa Dar wamesemaje? Na yeye hana la kujibu, kwa sababu wale wa Dar hawakusema kitu.

Baada ya muda anaanza kujitafuta kosa. Anarudi dukani kwangu kuniuliza kama wasifu wake una kasoro, kama picha haikutoka vizuri, kama barua ilikuwa ndefu. Anabadilisha mwandiko, anapunguza ukurasa, analipa kuchapa upya. Wananiuliza mimi, mchapaji, wamekosea wapi. Mimi sijui. Ninyi mnajua. Mara nyingi hakuna kosa lolote: mlimpata mwenye uzoefu zaidi, au bajeti ilikatwa, au nafasi ilifutwa. Kulijua hilo kungemwokoa mtu miezi ya kujiona hafai.

Mtaniambia waombaji ni wengi mno. Ni kweli. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596 na maombi yakapita 135,000, yaani zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi moja. Sidhani kama kuna kampuni binafsi nchini inayopokea kiasi hicho kwa tangazo moja. Na hata kwa wingi wa namna hiyo, taasisi za umma huweka hadharani majina ya walioitwa, na Sekretarieti ya Ajira huandika kwamba asiyeona jina lake ajue hakukidhi vigezo, asisite kuomba tena. Ni sentensi kavu, lakini mtu akiisoma anajua moja. Waliofaulu usaili wakakosa nafasi, majina yao hubaki kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana hupangiwa. Kuna mambo mengi ya kulalamikia katika ajira za serikali, nami nayasikia kila siku, ila kwa hili naisifu.

Kampuni iliyopokea maombi 300 ina kisingizio gani? Ujumbe wa simu unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja haufiki hata bei ya andazi. Barua pepe ni bure. Wale 300 mna anwani zao zote, kwa sababu mliwalazimisha kuziandika. Na kwa wale watano mliowaita wakakaa mbele yenu, ujumbe wa jumla hautoshi: wapigieni simu. Dakika tatu kwa kila mmoja ni robo saa ya siku yenu.

Kimya hiki, zaidi ya kuumiza, kinamneemesha mtu mwingine, naye ni tapeli. Mwombaji aliyezoea kutokusikia lolote kutoka kwenu hajui simu ya kweli ya kuitwa kazini inafananaje. Hajui mnatumia namba ipi, barua pepe ipi, wala jibu lilitarajiwa tarehe ngapi. Basi anapopigiwa na mtu anayelijua jina lake na nafasi aliyoomba, akaambiwa amepita, anachotakiwa ni kutuma shilingi 40,000 ya vipimo vya afya na sare, anatuma. Nimewazuia wengine wakiwa wamesimama kwenye kaunta yangu, simu mkononi, wakiandika namba ya siri. Wengine nilichelewa. Kampuni hubandika onyo kwamba ajira zao haziuzwi, na onyo hilo ni zuri, lakini lingekuwa na nguvu zaidi kama lingeambatana na tarehe ya majibu na namba moja inayopokelewa. Na wapo mawakala wa ajira wenye ofisi na kibao mlangoni wanaotoza "fedha ya fomu". Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala asimtoze mtafuta kazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Ninyi mnaowatumia mawakala hao waulizeni wanawatoza nini watu wanaowaletea. Msiseme hamkujua.

Kuhusu chumba cha usaili chenyewe, sijawahi kukaa upande wenu wa meza, lakini nasikia wanachosimulia wakirudi. Kinachowachoma kuliko vyote ni kuchekwa Kiingereza. Mtu ameomba kazi ya kutunza stoo, bidhaa atazipokea kutoka kwa madereva wa Kitanzania na kuzitoa kwa mafundi wa Kitanzania. Anajua hesabu za stoo, amefanya kazi hiyo kwa kujitolea miaka miwili. Anaulizwa kwa Kiingereza ajieleze, ulimi unakwama, na wajumbe wawili wanatazamana na kutabasamu. Kuanzia hapo hata anachokijua kinapotea. Kama kazi inahitaji Kiingereza, semeni kwenye tangazo, mpimeni. Kama haihitaji, muulizeni kwa lugha atakayofanyia kazi, ndipo mtajua anaijua stoo au haijui. Nilimwona mmoja baada ya usaili wa namna hiyo, mtu mzima mwenye watoto, hataki hata kunyanyua uso.

Wanawake wanaulizwa kama wameolewa, kama wana mpango wa kuzaa karibuni, nani atabaki na mtoto akiugua. Wengine, wanaume kwa wanawake, wanaulizwa kabila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu na mingineyo, na ulinzi huo unamhusu pia mtu anayeomba kazi. Unahusu hata tangazo lenyewe na vigezo vya kuchagua. Binti anayeulizwa habari za uzazi hathubutu kuitaja sheria mbele ya mtu anayeshika riziki yake, na ninyi mnajua hathubutu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Usaili ukifanyika ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti, asilimia hiyo haitapatikana kamwe, na hakuna atakayeandika kwamba mwombaji mwenye ulemavu alibaguliwa. Itaonekana tu hakutokea.

Kuna la mshahara pia. Tangazo la serikali hutaja ngazi ya mshahara, TGS fulani, na mtu anajua anaomba nini. Ninyi mnaandika "mshahara mnono", kisha kwenye usaili wa tatu, baada ya nauli tatu, mtu anatajiwa kiasi ambacho hakilipi hata pango. Tajeni mapema.

Na vyeti vyao baada ya yote? Nimewahi kununua karanga sokoni zimefungwa kwa kopi ya cheti cha kidato cha nne cha mtu. Jina kamili, shule, namba ya mtihani, picha, na muhuri wa wakili, ule ule wa kulipia, juu yake. Karatasi ile ilitoka kwenye ofisi ya mtu aliyepokea maombi akayatupa kama takataka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na maombi ya kazi yamejaa taarifa binafsi kuliko karibu karatasi nyingine yoyote: tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, simu, anwani, majina ya wadhamini. Usaili ukiisha, zichaneni nyaraka hizo au mwiteni mwenyewe azichukue.

Limebaki moja ambalo ni gumu kulisema, nalo ni tangazo la nafasi ambayo tayari ina mtu. Mnalijua. Mtu amekwishachaguliwa, ni ndugu wa bosi au ni yule aliyekuwa akishikilia nafasi, lakini taratibu zinadai itangazwe, basi inatangazwa. Vijana wanaita koneksheni, na wanaposema neno hilo dukani kwangu hawalisemi kwa hasira tena, wamelizoea. Kama mna mtu wa ndani anayefaa, mpandisheni cheo kwa uwazi. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kuwaita watu wanane kutoka mikoani waje kusindikiza uamuzi uliokwishafanyika. Katika yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo nisiloweza kulitafutia udhuru wowote, kwa sababu mengine yanaweza kutokea kwa uzembe au kwa wingi wa kazi. Hili linapangwa.

Najua wengi wenu nanyi mlipita njia hii. Mlikaa kwenye viti vile vya mapokezi mkiwa na bahasha magotini. Najua pia ofisi nyingi za rasilimali watu zina mtu mmoja au wawili wenye kazi za watu watano. Ndiyo maana siombi makubwa. Tangazo lenu lijalo liwe na tarehe ambayo majibu yatatoka, ngazi ya mshahara, na namba moja ya simu inayopokelewa. Usaili ukiahirishwa, mtu ajulishwe kabla hajapanda basi. Na uamuzi ukishafanyika, kila aliyeomba apate neno.

Kama tatizo ni nini cha kuandika, nimewaandikia ujumbe. Nakilini kama ulivyo, mbadilishe jina la nafasi na tarehe:

"Ndugu, asante kwa kuomba nafasi ya mhasibu kwetu. Tumeyasoma maombi yako. Safari hii hukuchaguliwa, na nafasi imeshajazwa. Nyaraka zako tutaziharibu ifikapo tarehe 30. Nafasi nyingine ikitokea, karibu kuomba tena."

Wenu,
Mwenye duka la steshenari, Msamvu, Morogoro